Kwani jangwa huzaa wanyama? Maswali yenu kuhusu ukame wa kale

Wiki mbili zilizopita niliandika juu ya safari yangu ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na jangwa la Chalbi, na lile ganda la konokono wa majini ambalo kijana mmoja mwenyeji aliniwekea kiganjani tukiwa mbali kabisa na maji, mahali pakavu hadi midomo inapasuka. Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Maswali yamekuja mengi, mengine marefu mengine mstari mmoja, na nimefurahi sana juu nilikuwa nadhani mtu wa Nairobi akisikia jangwa anawaza njaa na ngamia basi. Nimechukua yale yanayovutana.

Msomaji wa Kayole: "Ulisema Chalbi ilikuwa chini ya maji. Hapo sijakuelewa, jangwa linakuwaje ziwa alafu linarudi kuwa jangwa? Maji yalienda wapi?"

Ndugu yangu wa Kayole, kumbuka ile pia tuliyokuwa tunachezea utotoni, ukiitupa inazunguka kwa kasi lakini kichwa chake nacho kinayumba polepole. Dunia iko hivyo hivyo. Kila siku inajizungusha, lakini mhimili wake unayumba, na kule kuyumba kunageuza majira kwa mzunguko wa miaka kama 20,000 na kitu. Ikifika pale ambapo kiangazi cha kaskazini kinaangukia wakati dunia iko karibu zaidi na jua, nchi kavu ya Afrika inachemka kuliko kawaida, hewa inapanda, upepo wenye unyevu unavutwa kutoka baharini hadi ndani kabisa, na mvua inafika mahali ambapo leo hata wingu ni la kutafuta. Miaka elfu kadhaa baadaye mambo yanageuka, mvua inarudi nyuma na mchanga unachukua nafasi yake.

Mara ya mwisho mvua ilipotutembelea hivyo ni kuanzia kama miaka 11,000 iliyopita mpaka kama 5,000 iliyopita, yaani hata si zamani sana ukilinganisha na umri wa wanyama. Sahara ilikuwa na nyasi. Ziwa Chad lilitanuka likapita kilomita za mraba 300,000, zaidi ya mara nne ya Ziwa Victoria la leo. Kule Tassili n'Ajjer, Algeria, watu walichora kwenye majabali twiga, viboko na mifugo ya ng'ombe, mahali ambapo leo ng'ombe hamalizi hata siku mbili. Na huku kwetu Ziwa Turkana lilipanda kama mita 80 likamwagikia upande wa Mto Nile, Chalbi nayo ikajaa. Ndo maana mpaka leo Turkana kuna mbuta na mamba wale wale wa Nile, na ziwa lenyewe halina mto hata mmoja unaotoka. Waliingia wakati njia iko wazi, njia ikakauka, wakabaki.

Maji yalienda juu, yaliliwa na jua. Yakaacha chumvi, matope na yale maganda.

Kuna mamba wengine wachache sana ambao nikiwafikiria roho inaniuma, wako Chad kwenye bonde la mawe linaitwa Guelta d'Archei, katikati ya Sahara. Mabaki ya jamii iliyokuwa imeenea kote kule wakati mito inatiririka, wamebaki kwenye dimbwi, na kuwazunguka ni mamia ya kilomita za mchanga ambao mamba hawezi kuuvuka.

Mwanafunzi wa fomu tatu, Rongai: "Mwalimu alisema wanyama walijibadilisha ili waweze kuishi jangwani. Walijuaje ukame unakuja?"

Hawakujua, kijana wangu, na swali lako ni zuri kwa sababu lile neno "kujibadilisha" ndo linatupotosha wengi. Hakuna mnyama aliyekaa akaamua. Fikiria mbuzi hamsini wa mtu mmoja huko Isiolo, ukame umekuja, arobaini wamekufa. Wale kumi waliobaki hawakubaki kwa bahati tu, kuna mmoja figo zake zinabana maji vizuri kuliko wengine, mwingine tumbo lake linavumilia majani machungu, mwingine ana miguu ya kufika kisima cha mbali. Hao ndo watazaa. Watoto watarithi figo, tumbo na miguu. Rudia hiyo hadithi mara elfu kumi, utapata mnyama ambaye ukimwona unaweza kuapa alitengenezewa jangwa.

Lakini tabia mara nyingi inatangulia mwili, na hii naipenda sana. Kama miaka milioni 8 iliyopita misitu ya Afrika Mashariki ilikuwa inapungua na nyasi zinaenea, na jamaa za ndovu wa wakati huo wakaanza kula nyasi. Nyasi zina chembe ngumu zinazosaga meno, tena zinaliwa na vumbi. Meno ya ndovu yalichukua kama miaka milioni 3 ndo yakaanza kuwa marefu na yenye mikunjo mingi ya kuhimili ile kazi. Miaka milioni tatu mnyama anakula chakula ambacho meno yake hayajakizoea! Hilo usilisahau, nitalirudia nikijibu swali la mama wa Kitengela huko chini.

Dereva wa magari ya watalii, South B: "Wageni wananiuliza kila siku, mbona twiga, punda milia na mbuni wa Samburu si kama wa Nairobi National Park, na ni nchi moja? Nipe jibu la kuwapa."

Boss, umenigusa pale napenda. Wape jibu hili: kilichowatenganisha ni ukame, kuja kwake na kwenda kwake.

Hapa ndo penye imani yangu na nimeifikia baada ya kusoma miaka mingi. Watu wanadhani jangwa ni kama tanuri, unaingiza mnyama wa kawaida anatoka mnyama wa jangwa. Kwangu mimi tanuri ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwamba jangwa ni kama mlango unaofungwa na kufunguliwa, ukifungwa unawaacha ndugu pande mbili, wanakaa huko miaka laki kadhaa kila mmoja anaishi kivyake, na siku mlango ukifunguliwa tena wanakutana hawajuani. Kwa mnyama wa msitu ukame ndo ukuta na mvua ndo njia. Kwa mnyama wa nyika kavu ni kinyume, ukame ndo njia.

Mfano ni choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu anayeitwa oryx kwa Kiingereza. Kuna nyakati za kale ambapo ukanda mkavu ulishika kutoka Pembe ya Afrika mpaka Namibia na Kalahari, na wanyama wa ukame wakatembea humo. Mvua iliporudi, misitu ya miombo na vichaka vya Tanzania na Zambia vikaukata ule ukanda katikati. Ndo maana leo choroa wako Samburu na wengine wako Namibia, katikati hakuna, na ni spishi mbili tofauti. Digidigi nao wamegawanyika hivyo hivyo, na bweha masikio pia, ingawa huyu bado ni spishi moja. Upande wa pili wa shilingi nenda Taita. Ile misitu ya juu ya milima ya Taita ni kama visiwa, chini yake nyika ya Tsavo imekauka, ndege wa msituni hawezi kuishuka akatokea ng'ambo, na kwa hivyo kuna ndege na nyungunyungu fulani wa ajabu, yaani jamaa za mbali za vyura wasio na miguu, ambao hawapatikani popote pengine duniani isipokuwa huko kwenye vilima vyetu vichache.

Sasa Samburu. Punda milia wa Grevy ana mistari myembamba, masikio makubwa ya duara, tumbo jeupe, na ndiye mkubwa kuliko jamaa zote za farasi na punda wa porini. Jina ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja kama zawadi kutoka Abisinia, yaani Ethiopia ya leo, miaka ya 1880. Yule wa Nairobi lazima anywe karibu kila siku, wa Grevy anaweza kukaa siku kadhaa. Hata familia zao ni tofauti: wa Nairobi wanatembea pamoja, dume na majike wake daima, juu nyasi na maji viko karibu karibu. Kule kavu huwezi, majike wanatawanyika kutafuta malisho, mwenye mtoto mchanga hataki kwenda mbali na maji, kwa hivyo dume anashika eneo lake anangojea wapite. Ukame umepanga mpaka ndoa.

Mbuni wa Kisomali ana shingo na mapaja ya rangi ya bluu-kijivu, wa Nairobi ni waridi, na siku hizi wanahesabiwa spishi mbili. Twiga ndo hivyo pia, mwaka 2025 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, ilikubali kwamba twiga ni spishi nne, na Kenya tunao watatu kati ya hao wanne: wa Kimaasai hapa kwetu, wa mabaka ya wavu kule kaskazini, na wale tunaowalisha kwa mkono Lang'ata ambao ni wa kundi la kaskazini mwa Afrika. Waambie wageni wako hilo, uone watakavyotoa daftari.

Na kuhusu choroa, waambie hii pia. Miaka ya 1960, mtafiti mmoja Mmarekani, C. Richard Taylor, alifanya majaribio Muguga, hapo tu kabla ufike Limuru. Alimweka choroa kwenye chumba cha joto, na joto la mwili likapita digrii 45 kwa masaa, mnyama ametulia. Mimi na wewe tukifika 42 tunaitiwa ambulansi. Choroa anaacha mwili upate moto badala ya kupoteza maji kwa jasho, na ubongo wake unalindwa na mtandao wa mishipa midogo, damu moto inayopanda kichwani inapita kando ya damu iliyopozwa puani. Alafu kuna suala la kunywa. Taylor alichukua majani ya kichaka kimoja ambayo mchana yamekauka unayasaga kwa vidole yanakuwa unga, maji ndani yake karibu asilimia 1 tu. Usiku hewa ikipoa yale majani yanavuta unyevu, yakafika mpaka asilimia 40. Choroa akila usiku anakuwa amekunywa. Nikilala Samburu huwa nafungua zipu ya hema saa tisa za usiku nisikilize tu, unasikia kitu kinatafuna kwenye giza.

Msomaji wa Eastleigh: "Wazee wetu wanasema ngamia ni mnyama wa jangwa tangu mwanzo. Ni kweli?"

Kwa heshima zote kwa wazee, ambao ngamia wanamjua kuliko mimi, mwanzo wake si jangwani na wala si kwetu. Jamaa ya ngamia ilianza Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, ikakaa huko peke yake muda mrefu sana, na ilivuka kuingia Asia kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, wakati Alaska na Siberia zimeunganishwa na nchi kavu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipande vya mfupa wa mguu vilivyopatikana kisiwa cha Ellesmere, juu kabisa Kanada, ni vya ngamia mkubwa aliyeishi huko miaka kama milioni 3.5 iliyopita. Huko miezi kadhaa ya mwaka ni usiku mtupu na theluji.

Sasa angalia ngamia wako tena. Nundu ni ghala la mafuta, si maji, inasaidia kwenye ukame lakini pia ingesaidia sana kwenye majira ya baridi ya miezi sita. Unyayo mpana usiozama mchangani usingezama kwenye theluji pia. Watafiti wanaona inawezekana baadhi ya vitu tunavyoviita vya jangwa vilianzia kwenye baridi. Mengine ni ya ukame kweli, kama chembe zake nyekundu za damu zenye umbo la yai ambazo zinavimba bila kupasuka akinywa lita 100 kwa dakika chache baada ya kiu ya wiki. Na kule Amerika Kaskazini alikotoka wote walikwisha.

Dada anayeuza samaki Gikomba: "Mteja aliniambia Ziwa Victoria liliwahi kukauka lote. Nilibishana naye hadi watu wakajaa. Nani alishinda?"

Pole dada yangu, mteja alishinda. Watafiti walitoboa matope ya chini ya ziwa, na chini ya yale matope walikuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi midogo ya nyasi, pale katikati ya ziwa. Kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, mwishoni mwa ile enzi ya barafu huko kaskazini, mvua zetu zilikatika na ziwa likakauka, alafu maji yakarudi.

Sasa jiulize samaki walirudi vipi. Wale fulu, vile visamaki vidogo unavyovijua, ziwani wamehesabiwa kama spishi 500, na karibu wote hawapatikani nje ya hilo ziwa. Spishi mia tano kwa miaka elfu kumi na tano na kitu! Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kwa kasi kama hiyo. Wengine wanakwangua mwani kwenye mawe, wengine wanavunja konokono, wengine wanakula mayai ya wenzao. Uchunguzi wa jeni umeonyesha siri yao: kama miaka 150,000 iliyopita, wakati mvua ilikuwa nyingi na mito inaunganika, fulu wa upande wa Kongo na wa upande wa Nile walikutana wakazaliana, na mchanganyiko ule ukawaachia akiba kubwa ya jeni. Ziwa lilipojaa upya walikuwa na kila aina ya kifaa kwenye mkoba.

Kuna wawili huko Mwanza ambao majina yao ya kisayansi yana Kiswahili ndani, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume wa kwanza ni wa bluu anakaa juu juu, wa pili ni mwekundu anakaa chini kidogo ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi. Macho ya majike wa kila kina yanaona vizuri rangi ya pale wanapoishi, basi wanachagua dume wanayemwona vizuri, na taratibu wakawa jamii mbili. Maji yakichafuka wasione vizuri wanaanza kuchanganyika tena. Alafu mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 80 fulu walikuwa wameliwa vibaya, inakadiriwa kama spishi 200 zimepotea. Mbuta ndiye anakulipia kodi ya stoo, najua. Lakini nikiona fulu kwenye karai huwa nasimama.

Na kamongo wako, yule mwenye mapafu, ni wa jamii ya kale kuliko ziwa lenyewe, tena kwa mbali sana. Yeye maji yakikauka anajichimbia matopeni, anajifunika ute unaokauka kama karatasi, anangojea.

Baba wa watoto watatu, Ngong: "Hizi vitu zote ziko mbali na ghali. Kuna mahali karibu naweza peleka watoto wikendi?"

Kuna, na ni barabara yako. Shika Magadi Road, pita Kiserian, pita Corner Baridi pale bonde linafunguka mbele yako ghafla, na uteremke. Masikio yatazibuka na joto litapanda kila kona. Kama kilomita 70 kutoka mjini uko Olorgesailie.

Watoto wataona mashoka ya mawe, yamelala mamia kwa mamia pale pale yalipoachwa, unapita juu yake kwa daraja la mbao. Louis na Mary Leakey ndo waliyafikisha kwa ulimwengu kuanzia 1942. Lakini nakuomba uwaonyeshe pia udongo. Ule mweupe. Mwambie mtoto achukue kidogo asugue kati ya vidole, ni laini na mwepesi kama unga wa sembe, na ukiupuliza unapeperuka. Ule si mchanga, ni maganda ya viumbe vidogo vya majini visivyoonekana bila hadubini, mabilioni, yaliyokuwa yanaanguka chini ya ziwa. Mmesimama kwenye sakafu ya ziwa. Juu yake kuna tabaka jeusi la majivu ya volkano, kisha udongo wa nchi kavu, kisha ziwa tena. Hizo ni kurasa.

Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Smithsonian wakiongozwa na Rick Potts, pamoja na wenzao wa Makumbusho yetu ya Taifa, walitoboa shimo karibu na hapo wakatoa nguzo ya udongo ya mita 139, ambayo ni kumbukumbu ya miaka milioni moja. Inaonyesha kwamba kuanzia kama miaka 400,000 iliyopita mambo yaliacha kutulia, ukame na mvua vikawa vinapokezana kwa kasi. Na wanyama? Zamani bonde lile lilikuwa na nyani mkubwa mla nyasi, ndovu mkubwa kuliko wa leo, punda milia mkubwa, kiboko mwenye macho yaliyochomoza. Hao mabingwa wa nyasi walipotea, kati ya miaka 500,000 na 320,000 iliyopita kama asilimia 85 ya spishi za wanyama wakubwa zilikuwa zimebadilishwa na nyingine, nyingi zikiwa ndogo zaidi, zinazokula hiki na kile na zisizohitaji maji mengi. Wakati huo huo yale mashoka makubwa yaliyotumika bila kubadilika miaka mamia ya maelfu yanapotea, vinakuja vifaa vidogo vya kuchonga vizuri, vingine vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, lililoletwa kutoka mbali, na udongo mwekundu wa kupaka rangi. Kwa hivyo watu nao walibanwa na hali ile ile.

Mafuta yakitosha endelea mpaka Magadi. Kama miaka 10,000 iliyopita Magadi na Natron vilikuwa ziwa moja la maji baridi. Ukame ukalibana, likagawanyika, maji yakageuka magadi makali. Samaki mmoja alikataa kufa, tilapia mdogo urefu wa kidole. Nenda kwenye chemchemi za pembeni, ingiza kidole majini, utakitoa haraka, kuna mahali maji yanapita digrii 40, na yanateleza kama sabuni. Humo ndani wanapita wamejipanga wanachuna mwani. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini kwa maji makali vile amonia haitoki, ingemwua, kwa hivyo huyu anaigeuza yote kuwa urea kama mkojo wetu. Usiku oksijeni ikiisha majini anakuja juu anapumua hewa. Miaka elfu kumi tu. Beba maji ya kunywa mengi, na kofia.

Mwanachuo, Kahawa Wendani: "Wewe binafsi mnyama gani wa ukame unampenda?"

Fuko asiye na manyoya, na sina haja ya kufikiri. Ukienda Mombasa kwa gari, maeneo ya Mtito Andei, asubuhi baada ya mvua angalia kando ya njia za vumbi, utaona kichuguu kama volkano ndogo na udongo unaruka kutoka kwenye shimo, pff, pff. Huyo ni fuko anasukuma udongo kwa miguu ya nyuma, na nyuma yake kuna foleni ya wenzake. Wako kama 70 au 80 kwenye koloni, malkia mmoja tu anazaa, wengine wote ni vibarua, kama nyuki. Ni Jennifer Jarvis aliyelieleza hilo kwa ulimwengu mwaka 1981. Na sababu inayotajwa zaidi ni ukame: udongo ukikauka ni kama simiti, viazi mwitu ni vikubwa lakini viko mbalimbali, mmoja peke yake atachimba mpaka afe na asikipate. Mvua ikilainisha ardhi wanachimba wote kama wazimu kabla haijakauka. Wanaishi zaidi ya miaka 30 na wanaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni. Ni mzuri sana, wanaosema ni mbaya hawajamwangalia vizuri.

Mama mmoja wa Kitengela: "Kama wanyama wamezoea ukame miaka yote hiyo, mbona 2022 tulikuwa tunaona mizoga kila mahali?"

Mama, hili ndo limenikalisha muda mrefu zaidi. Serikali ilipotoa hesabu Novemba 2022, ya miezi tisa tu, ilikuwa nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, twiga 12. Mtu anaweza kuona 49 akasema afadhali. Lakini wale wa Grevy duniani kote wamebaki kama 3,000 hivi, wengi wakiwa hapa Kenya, kwa hivyo arobaini na tisa ni msiba.

Ule ukame wa kale uliua pia, tena sana, tusijidanganye, mifupa ya Olorgesailie ni ya waliokufa. Ila kulikuwa na vitu viwili. Kwanza muda, ndo maana nikasema usisahau meno ya ndovu. Sasa misimu ya mvua ilikatika mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, na ile joto inayoongezeka kwa uchomaji wetu wa mafuta haisubiri vizazi. Pili njia. Mnyama wa kale akikosa maji alihama, akaenda mlimani, akafuata mto, akapita ule ukanda. Wewe uko Kitengela unajua, nyumbu waliokuwa wanatoka mbugani kwenda nyanda za Kapiti na kurudi, leo wanagonga ua, wanagonga ploti, wanagonga barabara. Kaskazini wa Grevy anafika kwenye kisima kilichochimbwa kwenye laga, yaani mto mkavu, usiku mifugo ikiwa imeondoka, na kama kimezungushiwa miiba anasimama pale. Kuna wafugaji wanaoondoa miiba jioni. Nimewaona, na wao wenyewe ng'ombe wao walikuwa wanakufa.

Mwisho, msomaji wa Lodwar anayeishi Githurai: "Nikirudi nyumbani nikaona mfupa uliogeuka jiwe, niuchukue nikuletee?"

Usiuchukue tafadhali. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, ripoti kwa Makumbusho ya Taifa. Mfupa ukitoka kwenye tabaka lake unanyamaza, hakuna atakayejua uliishi wakati wa ziwa au wa vumbi. Hata lile ganda nilimrudishia kijana akaliweka pale pale.

Mwaka 1984 mzee wetu Kamoya Kimeu, bingwa wa kutafuta mifupa ya kale aliyetutoka 2022, alikuwa anatembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome, huko kwenu magharibi mwa ziwa, siku ambayo wenzake walikuwa wanapumzika. Kati ya changarawe nyeusi akaona kipande cha fuvu, cheusi vile vile, ukubwa kama kiberiti. Watu wangapi walikuwa wamepita hapo na mbuzi? Akakiacha mahali pake akaita wenzake, wakachimba, na ikatoka mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyekufa kama miaka milioni 1.5 iliyopita, mrefu kama sentimita 160 na bado alikuwa mtoto, miguu mirefu, mwili mwembamba, mwili wa kutembea juani. Yuko hapa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill.